Namba Aliyoikopesha Jerusa

Sehemu ya Saba

Haya, msomaji, vuta kiti. Juma zima mmenisumbua kwa simu, wengine mkisema nilikata hadithi makusudi kama mtu anayeondoa sahani mgeni bado anatafuna. Basi sahani hiyo hapo, imerudi. Tuko pale pale tulipoachana: Jumamosi alasiri, uwanja wa kanisa Kapsoit, hema mbili za kukodi, na Dorine Otiende amesimama mbele ya maikrofoni na barua mkononi.

Harambee, mchango wa karo, ilikuwa ya Dorine. Chuo cha uuguzi kule Bomet kilikuwa kimemwita aripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, na karo ya muhula wa kwanza mkononi. Serikali ilikuwa imemnyima ufadhili, ikamnyima na mkopo, na alipokata rufaa akaambiwa angoje. Jibu lilifika asubuhi ile ile ya harambee.

Bosire ndiye aliyemponza. Siku za kazi Bosire ni karani wa kituo cha kununulia majani chai. Siku za sherehe ni msema chochote, yule mwongoza sherehe mwenye maikrofoni. Bila yeye mwenyewe kuisoma kwanza, alimwita msichana mbele asome barua kwa sauti, watu wasikie vile serikali haina huruma, mifuko ifunguke.

Dorine akasoma. Kwamba hastahili msaada wowote kwa sababu mzazi wake, Jerusa Aluoch, ni mkulima mkubwa wa chai. Kwamba mwaka uliopita peke yake namba ya mzazi huyo ilipeleka kiwandani kilo elfu kumi na nane za majani. Barua ilikuwa na aya moja zaidi, lakini hakuna aliyeingoja. Shingo zote zilikuwa zimegeuka.

Ziligeukia safu ya mbele, kwa mama yake. Jerusa alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano, lenye vifungo kutoka shingoni mpaka miguuni. Gauni hilo halikuwa lake. Alikuwa ameazimwa na Bilhah, ambaye wengi humwita Mama Mwihaki, rafiki yake wa chama cha akina mama, asije akamfanyia mtoto harambee akiwa na sweta ya kuuzia omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Bilhah mwenyewe alikuwa ameketi ubavuni pake, na aliposikia kilo elfu kumi na nane alicheka.

"Hii kompyuta ya serikali inakunywa," alimnong'oneza. "Wewe uwe na chai, Mama Dorine? Hata ya kikombe wewe hununua."

Jerusa hakuweza kucheka. Aibu ilimpanda kutoka kwenye vidole vya miguu, ikapita tumboni, ikamfika masikioni. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Kericho, mnajua wenyewe, haipasuki.

Jackton, mumewe, alikuwa ameshasimama. Miaka kumi na tisa amekuwa akilisha kuni tanuri la kiwanda cha chai, na hajawahi kumiliki shamba hata la kuotesha sukuma wiki. Alimshika mkono mkewe, akampeleka nyuma ya jiko la kanisa ambako akina mama walikuwa wakichuja chai.

"Mama Dorine, niangalie. Uko na chai?"

"Niwe na chai wapi, Baba Dorine? Juu ya paa ya nyumba ya kampuni?"

"Sitaki mzaha. Uko na chai ama hauna?"

"Ni makosa ya kompyuta."

Jackton akashusha pumzi. Uso wake ulilegea, akampiga mkewe begani mara mbili, polepole, kama mtu anayetuliza ng'ombe.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tu. Wewe huwezi nificha kitu."

Laiti angemtukana. Tusi Jerusa angelibeba. Kuaminiwa ndiko kulikomchoma, akabaki ameegemea ukuta wa mabati huku mumewe akirudi uwanjani kwa hatua za mtu asiye na deni la maneno.

Jackton akachukua maikrofoni kwa Bosire bila kuomba.

"Watu wa Mungu, mimi si msemaji. Lakini huyu mwanamke nimekaa na yeye miaka ishirini na mbili. Hana hata kichaka moja ya chai. Mtu akinionyesha mke wangu ako na chai, mimi nitavua hizi viatu hapa mbele yenu, nitembee miguu tupu mpaka nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Mambo yangeishia hapo, harambee ingeendelea, na mimi ningekosa la kuwaandikia. Lakini kule nyuma palikuwa na mama mmoja mwenye sauti ya kuuza mitumba.

"Haiya, si Bosire ako hapo? Yeye ndiye hupima majani ya kila mtu. Bosire, sema tu, tumalize."

Bosire akatazama miguu yake. Akatazama hema. Halafu akatazama, kwa nukta moja tu, kiti cha mgeni wa heshima.

Juu ya kiti hicho alikaa Mzee Gachanja, mume wa Bilhah, koti jeusi, bahasha nene ikichungulia mfukoni. Alikohoa tu.

"Rekodi ya kituo iko sawa," Bosire akasema. "Namba ni ya Jerusa. Majani yalipimwa."

Makofi yakakatika.

Nyinyi mnaonifuata tangu mwanzo mnaijua siri hii. Mliochelewa, sikilizeni upesi, maana sirudii. Kila mkulima ana namba yake, na majani yanayopimwa kwa namba hiyo, pesa zake huenda kwa mwenye namba. Zamani Jerusa alikodi mistari michache ya chai kwa msimu mmoja, akafunguliwa namba. Mistari akairudisha, namba ikabaki imelala.

Miaka minne iliyopita Dorine alirudishwa nyumbani kutoka kidato cha kwanza kwa sababu ya karo. Gachanja akamkuta Jerusa sokoni. "Nikopeshe hiyo namba yako," akamwambia. "Si imekaa bure tu?" Ikasikika jambo dogo, kama kukopesha jembe. Yeye angemlipia Dorine karo mpaka kidato cha nne. Jerusa angempa namba na kadi ya benki, basi, mdomo ufungwe.

Jackton akaamini karo ilitoka kwenye omena. Akamsifu mkewe kwa majirani.

Na majani yale yalitoka wapi? Hapa ndipo mwandishi wenu naye huona haya. Yalitoka shamba la Bilhah, alilorithi kwa baba yake, shamba lililoandikwa jina lake na namba yake. Bilhah ana duka mjini Kericho, kwa hiyo shamba alimwachia mume. Mume akawa anapeleka gunia moja kwa namba ya mke, matano kwa namba ya Jerusa. Jioni anarudi nyumbani na hadithi. Mwaka wa kwanza mvua ya mawe. Wa pili baridi kali. Wa tatu wachumaji wametoroka. Wa nne mawe tena.

Mwaka huo wa nne Bilhah alikuja chama akilia. Akina mama wakamzunguka, wakaomba mtu mmoja aongoze maombi. Aliyeongoza alikuwa Jerusa. Alimshika Bilhah mikono yote miwili, akamlilia Mungu aifufue michai iliyopigwa na mawe, akijua vizuri kwamba hakuna jiwe lililoanguka. Tangu siku hiyo hajaweza kuomba kwa sauti tena, na watu hufikiri ni unyenyekevu.

Sasa turudi nyuma ya jiko. Gachanja alimfuata hapo kwa kisingizio cha kunawa mikono kwenye tangi la maji.

"Mama Dorine, usitetemeke," akasema, akifungua mfereji. "Hii kitu ni rahisi. Toka hapo, sema chai ni yako."

"Niseme ni yangu? Mbele ya Jackton?"

"Jackton atanuna wiki moja. Msichana ataripoti Jumatatu." Akagusa bahasha. "Hapa kuna karo ya mwaka mzima. Ukisema ni yako, naitoa. Ukinitaja, mimi nakukana, na Bosire anakukana. Utabaki na nini?"

"Na Bilhah?"

"Bilhah ni wangu. Wewe angalia wako."

Akafunga mfereji, akajipangusa kwa kitambaa, akaenda zake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha huyu alikuwa amenawa mikono tayari.

Jerusa akatoka. Alipita katikati ya viti akiliburuta gauni la watu kwenye majani mabichi, akapanda jukwaani, akashika maikrofoni. Aliwaona wote: wanakanisa aliowaimbia, wachumaji waliotoa mia mia, Dorine na barua yake, Jackton akimwangalia kwa macho ya mtu anayengojea kutetewa.

"Chai ni yangu," akasema.

"Sema tena," Jackton akamwambia, taratibu.

"Ni yangu, Baba Dorine. Nilikuficha."

Jackton aliinama akafungua kamba za kiatu cha kulia, akakivua. Akafungua cha kushoto, fundo likamkatalia, akang'ang'ana nalo hadharani mpaka likalegea. Viatu vilikuwa vimepakwa kiwi asubuhi na Dorine. Akaviunganisha kwa kamba zake, akavishika mkono mmoja, akaanza kutembea kuelekea geti kwa soksi zenye tundu kisiginoni. Watu walimpisha njia huku wakiangalia pembeni.

Tundu lile Jerusa alikuwa ameliona juzi akasema atalishona kesho. Sasa ulimwengu wote ulikuwa unalitazama, na alihisi ni nyama yake iliyokuwa wazi.

Dorine naye hakumkimbilia baba yake. Alienda kwenye meza ya mchango, akachukua daftari la majina, akaanza kuita.

"Mama Maxine, elfu moja. Asante, chukua. Mzee Owino, mia tano. Asante, chukua."

"Dorine, wacha," mama yake akamwita.

"Mama, hii ni pesa ya watu waliosikia hatuna. Mama Maxine anachuna chai na mguu mbaya. Nikae nayo vipi?" Akageuza ukurasa. "Mzee Omariba, mia mbili. Chukua, Mzee."

Jerusa akageukia kiti cha mgeni wa heshima. Sasa, aliwaza, sasa atoe bahasha. Hilo ndilo alilouzia mume wake.

Gachanja akasimama. Akarekebisha koti. Akaonyesha bahasha juu kila mtu aione.

"Mimi nilikuja hapa na roho safi," akasema. "Nilikuwa nimesema, huyu msichana nitamlipia mwaka mzima. Lakini wacha tuulizane kama watu wazima. Mtu wa kilo elfu kumi na nane, mimi namchangia nini? Hata yeye angefaa anichangie."

Wakacheka. Wengine wakapiga makofi. Na Gachanja, bila kumtazama Jerusa hata kidogo, akairudisha bahasha ndani ya koti.

Mnaona? Mwanamke ameuza heshima yake, na mnunuzi ameondoka na bidhaa bila kulipa. Jerusa alifungua mdomo kusema ukweli, akakumbuka kwamba dakika tano tu zilizopita aliapa kinyume chake kwa maikrofoni. Nani angemsikiliza?

Mtu mmoja tu chini ya hema zile hakucheka wala kupiga makofi. Bilhah alikuwa ameketi wima, mkoba mapajani, akihesabu kitu kwa vidole.

"Ngojeni kidogo," akasema, akasimama. "Dorine, hebu wacha hiyo pesa. Soma tena. Ni kilo ngapi?"

"Elfu kumi na nane, Mama Mwihaki."

"Za mwaka jana?"

"Za mwaka jana."

"Mwaka jana shamba yangu ilitoa elfu tatu na kitu. Mwaka wa baba yangu ilikuwa ikitoa ishirini na moja." Alisema kwa upole, kama mtu anayejumlisha bei dukani. "Nimekuwa nikijiuliza hiyo ingine huenda wapi."

"Bilhah, kaa chini," Gachanja akasema. "Mambo ya nyumbani ni ya nyumbani."

Bilhah alitembea mpaka jukwaani, akasimama mbele ya Jerusa, karibu kiasi kwamba Jerusa alisikia harufu ya sabuni ile ile iliyokuwa kwenye gauni.

"Mama Dorine, mimi sikuulizi mambo ya pesa. Ulinishika mikono tukaombea hayo majani. Ulilia kunishinda. Niambie kitu moja tu. Ilinyesha mawe?"

Gachanja akakohoa, kikohozi kile kile cha awali. Bosire akazima spika, lakini watu walikuwa wamesogea karibu hata spika haikuhitajika. Jerusa akatazama geti. Jackton alikuwa amesimama pale, mgongo umewaelekea, viatu vinaning'inia. Hakuwa ametoka.

"Haikunyesha," Jerusa akasema.

"Ongea watu wasikie."

"Haikunyesha mawe, Mama Mwihaki. Hata mwaka ule wa kwanza haikunyesha. Majani yako yalikuwa yanapimwa kwa namba yangu. Miaka minne. Mimi nilikuwa najua, na niliomba na wewe nikijua."

"Muongo huyu," Gachanja akaruka. "Saa hii ameapa ni yake, sasa ni ya mke wangu. Mnamsikia? Ako na ushahidi gani?"

"Kadi yangu ya benki," Jerusa akasema. "Iko kwa koti yako, mfuko ya ndani, hapo nyuma ya bahasha. Ndipo umekuwa ukiiweka tangu nikupatie."

Mkono wa Gachanja ukajisaliti. Uliruka wenyewe mpaka kifuani, ukabonyeza koti, na watu mia na kitu wakauona ukibonyeza.

Bilhah akamwendea mumewe, akaingiza vidole ndani ya koti kama alivyozoea kumtafutia funguo. Akatoa bahasha. Akatoa kadi. Akaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, bila haraka: Jerusa Aluoch.

Gachanja aliketi. Kiti cha plastiki kikalia chini yake.

Ndipo Dorine alipofungua ile barua tena. Alikuwa mtoto bado, jamani, miaka kumi na tisa, na bado alikuwa na chuo kichwani.

"Mama Mwihaki, kuna mahali sikumaliza," akasema. "Hapa chini. Wanasema mwenye majani akiandika barua, akubali ni yake, na aniletee kabla ya Jumatatu, faili yangu itafunguliwa. Nitaripoti chuo na barua hiyo badala ya karo, nikingoja ufadhili." "Nilifikiria hakuna mtu kama huyo. Kumbe ni wewe."

Hapo kila mtu akaelewa. Safari ya Dorine haikuwa tena ndani ya bahasha wala kwenye kapu la mchango. Ilikuwa mkononi mwa mwanamke mmoja aliyeibiwa miaka minne na mama yake Dorine.

Bilhah akaitazama barua. Kisha akafungua mkoba, akatoa kalamu na karatasi yenye jina la duka lake, akaviweka juu ya meza ya mchango.

"Wewe hauna makosa, msichana," akasema. "Nitaandika. Hapa hapa, leo, na hawa wote ni mashahidi."

Jerusa akashuka jukwaani, akapiga magoti mbele yake. Alitaka kumshika miguu, lakini Bilhah alirudi hatua moja nyuma, na mikono ya Jerusa ikashika nyasi.

"Sijamaliza," Bilhah akasema. "Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nikitafuta kwa nguo yangu miaka minne, sikuona kitu. Kumbe anayenila nimempa nguo yenyewe avae."

Sasa alikuwa analia, machozi yakimtoka bila uso kubadilika. Akafungua kifuniko cha kalamu, akaandika tarehe juu ya karatasi, akasimamisha mkono hapo.

"Jina yangu nitaweka chini," akasema. "Lakini kwanza, Mama Dorine, vua gauni yangu."

Mama wa mitumba kule nyuma alijifunika uso kwa leso. Dorine alisema "Mama Mwihaki, tafadhali," mara moja, kisha akanyamaza, kwa maana kalamu ilikuwa hewani na Jumatatu ilikuwa karibu.

Kule getini, Jackton akageuka.

Jerusa akainuka kutoka kwenye nyasi. Hakumtazama Bilhah, hakumtazama Gachanja. Alimtazama binti yake, akapeleka mkono shingoni, akafungua kifungo cha kwanza. Vilikuwa kumi na viwili.